Chiriku Hajibu Hodi

Mlinzi wa lango la hospitali alipoufungua mkoba wa Fundi Cherehani alikuta kisu cha jikoni, viberiti viwili, mkasi, wembe uliozungushiwa gazeti, chupa ya dawa ya kung'arishia nguo, na sindano kumi na mbili zilizochomekwa kwenye kipande cha sponji.

"Mama," alisema, "umekuja kutibiwa au kupasua watu?"

"Namsindikiza binti yangu."

"Na hivi vyote?"

"Vya nyumbani."

Mlinzi aliandika kwenye daftari lake, "vya nyumbani," akaufunga mkoba na kumrudishia. Alikuwa ameshaona mikoba ya aina hiyo, hasa ya kina mama wanaofika kabla jua halijapanda.

Fundi Cherehani ndivyo alivyoitwa mtaani na kazini, hata na watu waliolijua jina lake. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, akishona sare za shule kwenye ukumbi wenye vyerehani thelathini. Binti yake alikuwa na ishirini na sita, akipanga chupa kwenye kreti kiwandani. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu pumzi zianze kumsumbua. Wala hazikumsumbua ovyo ovyo. Mlango ukifungwa karibu naye, hata ukiwa wa kabati, hewa iliingia kifuani ikakataa kutoka. Wiki iliyopita msimamizi alifunga mlango wa stoo, binti akaanguka katikati ya kreti, na msimamizi akamwambia asirudi bila cheti cha daktari. Cheti hicho ndicho walichokifuata.

Nyumbani walikuwa wamemwacha Kidoti, mtoto wa binti, mwenye miaka minne na nusu. Walimwachia sahani ya viazi, kikombe cha maji, ndoo yenye kifuniko, na mdoli wa vitambaa. Halafu wakafunga mlango kwa nje kwa kufuli. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Fundi, kwenye uzi mweusi, chini ya gauni. Chochote cha chumba kile chenye makali, moto au sumu kilikuwa mkobani. Ndivyo alivyozoea miaka yote. Fundi hakuondoka nyumbani, aliondoka na nyumba.

Asije mtu akamhukumu upesi. Huyo binti alipokuwa mdogo, mtoto wa jirani alitoka mlango ukiwa wazi, akakutana na lori la mchanga. Fundi alikiona kiatu kimoja kando ya barabara, kidogo kama kisanduku cha kiberiti. Siku hiyo hiyo alinunua kufuli. Alishajaribu kumwachia jirani mmoja binti huyo, jirani akahama. Akamwachia wa pili, wa pili akamsahau sokoni. Kufuli halihami wala halisahau. Fundi aliliamini kama mtu anavyomwamini dada yake tumbo moja. Na baba wa Kidoti alikuwa amekwenda kutafuta kazi, mwaka wa tatu huo, na bado anaitafuta.

"Tunarudi saa nne," Fundi alikuwa amesema asubuhi ile, mdomo wake ukiwa karibu na mbao za mlango.

Kidoti hakujibu, kwa sababu alifundishwa asijibu. Hodi yoyote ikipigwa, kimya, kama vile chumba hakina mtu. Isipokuwa hodi ya nyumbani tu, iliyokuwa mbili za haraka, halafu moja. Hiyo ndiyo ya kuitikia.

Saa nne ilipofika, Fundi na binti yake walikuwa wametoka benchi la kwanza na kukaa benchi la pili. Namba yao ilikuwa arobaini na moja, na aliyekuwa akiitwa alikuwa kumi na saba. Pembeni yao alikaa mwanamke mwenye mguu uliovimba, ameuweka juu ya mfuko wake kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.

"Mimi nawaambia kila kitu," alisema yule mwanamke. "Nikila nawaambia, nisipokula nawaambia. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Sisi hatufichi kitu," Fundi alisema haraka, kama mtu aliyeulizwa.

"Nani kasema mnaficha?"

"Nasema tu."

"Basi sema taratibu, shoga yangu. Utatuamshia presha."

Waliingia kwa tabibu saa saba. Binti alivua kiatu cha kulia na kukiweka kwenye kizingiti ili mlango usifunge, kisha akaenda kukaa, mguu mmoja na kiatu na mmoja bila. Tabibu hakumkataza. Alikuwa bado mwanafunzi, koti lake jeupe lina mikunjo ya dukani, na mbele yake kulikuwa na karatasi kumi na moja zilizobanwa pamoja.

"Mama, dada, karibuni. Daktari Mkuu atapita kunikagua," alisema, "kwa hiyo sitaruka kitu hata kimoja. Kwanza maelezo. Halafu nitampima kuanzia utosini mpaka nyayoni."

"Itachukua muda gani, mwanangu?"

"Mkijibu vizuri, saa moja na nusu."

Fundi aliugusa ufunguo juu ya gauni.

"Dada, nini kimekuleta?"

Binti akafungua mdomo.

"Kifua," Fundi alisema.

"Nimeelekezwa niandike kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe."

"Maneno yake ndiyo hayo. Si nimemzaa mimi?"

Tabibu akaandika: Kifua. Akafikiri kidogo, akaongeza: amesema mama.

"Kinauma au kinabana?"

"Kinabana."

"Kama nini?"

Hapo Fundi alikwama. Alimtazama binti yake. Binti alikuwa anakitazama kiatu chake pale kizingitini.

"Kama nguo iliyopungua kiunoni," Fundi alisema, na hilo nalo likaandikwa.

Walipitia magonjwa ya zamani. Surua alipata, tetekuwanga alipata, kulazwa hakuwahi. Walipitia magonjwa ya ukoo, kisukari cha bibi na macho ya babu. Tabibu alikuwa na mwandiko mzuri, wa polepole, kila herufi imesimama peke yake kama mwanafunzi wa darasa la kwanza kwenye mstari.

"Utotoni alikuwa mtoto wa namna gani?"

"Msemaji! Tulimwita Chiriku. Mdomo haupumziki, anaongea mpaka na ukuta."

"Akaacha lini?"

"Akaacha nini?"

"Kuongea."

"Hajaacha. Mkimya wa kawaida tu."

Tabibu alitafuta kwenye fomu mahali pa kuandika mkimya wa kawaida, akapakosa, akafungua ukurasa wa nne.

"Maisha ya nyumbani. Mnaishi wangapi?"

"Watatu. Sisi wawili na mjukuu wangu."

"Mjukuu yuko na nani sasa hivi?"

Wengi wetu tungejibu kama alivyojibu Fundi. Mtu anaogopa kuonekana. Anaona kalamu imenyanyuka, anaona koti jeupe, na ulimi unakimbilia kwenye neno la heshima.

"Yuko na mtu mzima," alisema.

Binti akavuta hewa, hewa ikaingia, haikutoka. Tabibu alitazama saa yake ya mkononi. Sekunde arobaini zilipita ndipo pumzi ikatoka, nyembamba kama ya tairi la baiskeli. Akaandika: arobaini. Juu yake, kwa kalamu ile ile, palikuwa pameandikwa: mtoto yuko na mtu mzima.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini Fundi asinyanyuke aende. Nyumbani palikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, ufunguo anao yeye. Angeweza kumwacha binti na tabibu wakamalizana. Lakini nani angejibu? Miaka ishirini alikuwa akimjibia. Alimjibia kwa walimu, alimjibia kwa msimamizi wa kiwanda, alimjibia hata kwa yule aliyekuja kumchumbia, akamkubalia kabla binti hajainua macho. Fundi alikuwa mdomo wa binti yake, na mdomo hauwezi kwenda nyumbani ukauacha uso umekaa kwenye kiti.

Basi akakaa.

Saa nane na robo tabibu alimwambia binti apande kitandani, akavuta pazia. Alianza utosini. Alipapasa nywele, akavuta kope chini, akatazama ulimi, akahesabu meno, akaminya shingo pande zote mbili. Kila alipomaliza kiungo alitoka nyuma ya pazia, akaandika, akarudi.

"Sasa kifua," alisema. "Ni hatua nne. Kutazama, kugusa, kugonga, kusikiliza."

Alitazama. Aligusa. Kisha akaulaza mkono wa kushoto kwenye mgongo wa binti na kukigonga kidole chake cha kati kwa kidole cha mkono wa kulia, kama walivyofundishwa. Pafu zima hulia kama ngoma, lililojaa maji hulia kama ukuta. Huu mgongo haukulia kama ngoma wala ukuta. Ulilia kama mbao.

Alirudia juu, akarudia chini. Mbao. Akarudia tena chini ya bega la kulia, na kwa kuwa kidole kilikuwa kimechoka, aligonga mbili za haraka, halafu moja.

Kutoka ndani pakagongwa: mbili, halafu moja.

Tabibu alitoka nyuma ya pazia, akaandika: kulia, chini ya bega, panajibu. Akarudi.

"Mama, umerudi?" iliuliza sauti ya mtoto. Ilitoka mgongoni mwa binti, ndogo na safi, kama ya mtu aliyesimama nyuma ya mlango.

"Si mama," tabibu alisema, kwa kuwa alikuwa mkweli. "Ni daktari."

Kukawa kimya. Aligonga tena, akabembeleza, akajitambulisha na chuo chake. Kimya.

"Huyo hajibu wageni," Fundi alisema kutoka kwenye kiti. "Ndivyo alivyofunzwa. Hebu pisha."

Aliingia nyuma ya pazia. Binti alikuwa ameinama, mikono imekumbatia magoti, mgongo wazi. Ilikuwa miaka mingi tangu Fundi auone mgongo ule. Aligonga mwenyewe, mbili, halafu moja.

"Mama?"

"Ni mimi. Kuna daktari hapa, mjibu."

"Umeleta mkate?"

"Mjibu daktari kwanza."

Tabibu akavuta kiti, akaweka karatasi juu ya goti. Alikuwa amefurahi kidogo, kwa sababu sasa angeandika kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe.

"Unaitwa nani?"

"Chiriku."

"Una miaka mingapi?"

"Mitano. Nikifika saba naenda shule."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Nimechoka kukaa."

"Umekaa tangu lini?"

"Tangu mama aondoke."

"Umekula nini?"

"Viazi. Nimebakiza kimoja. Nikikila na hicho kabla hajaja, nitajua leo ni siku ndefu."

"Na unafanya nini humo?"

"Nahesabu wanaopita. Miguu yao naiona chini ya mlango. Kuna mwenye kobazi za bluu, anapita mara mbili. Kuna wa baiskeli. Kiatu cha mama nakijua, kisigino kimelika upande mmoja."

Fundi alirudisha miguu yake chini ya kitanda.

Tabibu aliandika yote. Nafasi ya mstari mmoja ilijaa, akaigeuza karatasi na kuendelea nyuma.

"Uko peke yako?"

"Nilikuwa peke yangu. Leo kuna mwenzangu."

"Nani?"

"Hasemi jina. Ana kidoti cheusi chini ya jicho. Amekuja na mdoli."

Fundi alikishika chuma cha kitanda. Si kwamba alistaajabu. Chumba kilikuwa kile kile walichopanga tangu binti hajaanza kutambaa, mlango ule ule, kufuli lile lile. Watoto wawili waliofungiwa mlango mmoja watakosaje kukutana? Kilichomshika Fundi moyo yalikuwa maji.

"Amekunywa maji?" aliuliza, mdomo wake ukiwa karibu na bega la binti.

"Amemwaga."

"Yote?"

"Yote. Mdoli alikipiga kikombe teke. Amechovya kidole sakafuni, ananyonya."

"Viazi amekula?"

"Vinaleta kiu, hataki."

"Analia?"

"Analia, ila bila sauti. Mwanzo alikuwa hajui. Nimemwonyesha."

Kwenye ngozi ya binti vilitokea vipele vya baridi, kuanzia kiunoni kwenda juu.

"Mwanangu," Fundi akamwambia tabibu, "nipe hicho cheti twende. Mjukuu wangu amefungiwa ndani."

"Ulisema yuko na mtu mzima."

"Nilisema."

"Nimeandika kwa kalamu ya wino, Mama. Ukurasa wa nne. Nikifuta, Mkuu atauliza kwa nini nimefuta."

"Mwambie mimi ndiye niliyekosea."

"Hapo hamna nafasi ya mama kukosea," alisema tabibu, na alisema kwa upole, akimwonyesha ukurasa. Kweli hapakuwa na nafasi. "Na bado tumbo, magoti na nyayo. Nikikatisha, uchunguzi wote unahesabika haukufanyika, mtarudi kesho na namba mpya."

Fundi alifikiria namba mpya. Akafikiria benchi la kwanza na benchi la pili, na kufuli siku ya pili mfululizo kwa ajili ya cheti kile kile. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na kila mlango aliougeukia alikuwa ameufunga mwenyewe.

Aligonga mgongo.

"Mama?"

"Mwambie mwenzako anyamaze. Tunakuja sasa hivi."

"Sasa hivi ya kweli au ile nyingine?"

Ndipo binti akasema, bila kugeuka, kwa sauti iliyokwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta. "Mama, hiyo sasa hivi ndiyo uliyokuwa ukiniambia mimi."

Tabibu aliacha kuandika, akauliza, "Hiyo niiandike kwenye lalamiko kuu?"

"Iandike," binti alisema.

"Usiiandike," Fundi alisema, kwa mazoea.

Tabibu akaiandika kwa penseli.

Daktari Mkuu aliingia wakati huo. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Alikiruka kile kiatu kizingitini bila kukisogeza. Alisoma kurasa kumi na moja akiwa amesimama, kisha akaweka mipira ya kusikilizia masikioni na kuulaza mdomo wa chombo chini ya bega la binti. Alisikiliza kwa muda.

"Wangapi?" aliuliza.

"Wawili, Mkuu. Mmoja wa zamani, mmoja wa leo."

"Mm. Asubuhi nilikuwa na mzee wa miaka sitini na nane, ndani mwake wako watatu. Hodi yao ni ya kukwaruza kwa ukucha. Alikuwa hata hajui kama hodi hujibiwa."

"Niandike nini?"

"Kifua safi. Mapafu hayana kosa. Mlango si ugonjwa."

"Na matibabu?"

Daktari Mkuu aliivua ile mipira. "Matibabu ni mlango ufunguliwe, na mtu mzima abaki ndani na mtoto. Mama, mnaye mtu wa kubaki?"

"Hatunaye," Fundi alisema. Lilikuwa neno la kweli. Lilitoka kirahisi kuliko alivyodhani, wala halikubadilisha kitu.

"Kazini kwako kuna mahali pa kumweka mtoto?"

"Tuko vyerehani thelathini. Hata mguu wa kunyoosha hakuna."

"Kiwandani?"

Binti alitikisa kichwa.

"Basi andika apumzike, anywe maji ya kutosha. Anafaa kwa kazi." Alipiga mhuri mwenyewe, akautwaa mkoba wake aliokuwa ameuegesha mezani. Mkoba uligonga ukingo wa meza na kulia kama droo ya jikoni. Yeye na Fundi wakatazamana. Daktari Mkuu akakiruka kiatu, akaenda chumba kinachofuata.

Tabibu alimalizia tumbo. Aligonga magoti kwa kinyundo cha mpira, miguu ikaruka inavyotakiwa. Alikwaruza nyayo. Ule usio na kiatu ulimrahisishia kazi. Ilipofika saa kumi kasoro alisema, "Nimemaliza, asanteni kwa uvumilivu," na akampa binti cheti mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumpa binti karatasi yake mwenyewe, na Fundi alikuwa ameshanyoosha mkono kuipokea.

Walirudi nusu kwa kutembea, nusu kwa kukimbia. Mkoba ulikuwa unapiga kelele njia nzima, kisu na viberiti na mkasi. Njiani binti alimwuliza mama yake kitu kimoja.

"Ulikuwa unajua kama nililia?"

"Nilikuwa nakuta macho makavu."

"Nilikuwa nayafuta nikikiona kisigino chako."

Fundi hakusimama. "Ningejua ningefanyaje?" alisema, na alikuwa anauliza kwa kweli, kama mtu anayeuliza njia. Binti alifikiri hatua kumi nzima. Naye hakujua.

Fundi aligonga, mbili, halafu moja. Kutoka ndani pakajibiwa. Akafungua kufuli.

Kidoti alikuwa amekaa juu ya kifuniko cha ndoo, mdoli mapajani. Midomo ilikuwa imekauka, macho makavu vilevile. Pembeni yake sakafuni kulikuwa na duara lililofutwa vumbi, pana kiasi cha makalio ya mtoto wa miaka mitano, na kwenye sahani kulikuwa na kiazi kimoja.

"Chiriku amesema tubakize," alisema. "Na amenifundisha kuhesabu miguu. Yako nimeijua, Bibi. Ya mama ina kiatu kimoja."

Kweli, kiatu kingine kilibaki kizingitini hospitalini.

Binti alimnyanyua mtoto, akampa maji kikombe kwa kikombe. Halafu alisimama mlangoni, mlango wote wazi, na pumzi ya miezi mitatu ikamtoka. Ilitoka muda mrefu. Iliinua pazia la dirisha, ikazima jiko la jirani, ikapeperusha mavumbi ya uani mpaka barabarani. Jirani akawasha jiko lake upya bila kulalamika. Jioni ile Fundi alipitisha mkono juu ya bega la binti na kugonga polepole, na pale chini ya bega palilia kama ngoma. Chiriku hakuwa mle. Alikuwa kitandani upande wa ukutani, kwenye godoro lililobonyea kidogo, na Kidoti alilala akimnong'oneza.

Asubuhi ilikuwa siku ya kazi.

Fundi aliamka mapema kama kawaida. Alichemsha viazi. Aliweka sahani, na kando yake sahani ya pili. Aliweka vikombe viwili vya bati, vizito, vya kitako kipana, na mdoli akamweka mbali navyo. Alipitia chumba, akakusanya kisu, mkasi, wembe, viberiti, sindano na chupa, akavitia mkobani. Binti alivaa viatu vyake vya zamani, akakikunja cheti mara mbili na kukitia mfukoni. Anafaa kwa kazi, kilisema, na mhuri ulikuwa umekolea.

"Mtu akibisha hodi?" Fundi aliuliza chumba.

"Kimya," alisema Kidoti. Sauti nyingine ilisema neno hilo hilo, nyuma kidogo ya yake.

Walitoka. Fundi aliuvua ule uzi mweusi shingoni na kumvisha binti yake. Binti alilishika kufuli, akalibana. Lililia mlio wake ule ule. Hewa ikamwingia kifuani. Alisimama akaisubiri itoke. Alipoona haitoki, akaanza kutembea hivyo hivyo.

Fundi alibaki mlangoni kidogo. Aliisogeza miguu yake pembeni, isionekane kwa chini, akagonga kama agongavyo mgeni, tatu zilizo sawasawa, kwa nguvu. Akategea sikio.

Ndani palikuwa kimya. Alikisikiliza vizuri kile kimya mpaka akajua ni cha watoto wawili. Akaridhika, akaushika mkoba wake, akamfuata binti yake njia ya kazini.